Volti za Wapi, Ampea za Lini?

Barua za mwezi huu nimezisomea hapa karakanani, Kariobangi Light Industries, kati ya pampu mbili zinazosubiri kufungwa waya upya. Karibu zote zina hesabu ndani yake, na hilo limenifurahisha kweli, maana mteja anayejua kugawanya volti kwa ampea hadanganywi kirahisi. Kanuni zenyewe mnazijua: volti ukizigawanya kwa ampea unapata ukinzani, yaani omu, volti ukizizidisha kwa ampea unapata nguvu, yaani wati. Kuzidisha na kugawanya mmefanya sawasawa. Shida ni kwamba wengi mmechukua volti za mahali pamoja mkazichanganya na omu za mahali pengine, au ampea za saa hii na ukinzani wa jana. Naanza na barua iliyonishtua.

*Mama Fundi, nina kibanda cha chipsi Kayole. Fraya yangu ni ya wati 3000, na stima naivuta kutoka duka la jirani kwa ekstensheni ya mita 20, ile inayozungushwa kwenye gurudumu la plastiki. Ijumaa jioni, wateja wamejaa, waya ukayeyuka ndani ya gurudumu. Fyuzi ya ampea 13 haikukatika! Fundi wa mtaani alisema ukinzani wa waya ule haufiki hata omu moja, ni 0.92. Kijana wangu akachukua 240 mara 240, akagawanya kwa 0.92, akapata wati zaidi ya 62,000. Kama ni kweli, mbona kibanda kizima hakikuungua?*
Mwenye chipsi, Kayole

Pole sana, dada yangu, na nashukuru kwamba mafuta ya moto hayakumwagikia mtu katika pilkapilka hizo. Mwambie kijana wako asiache hesabu. Yuko karibu kufika. Alilokosea ni moja tu: zile volti 240 si za waya. Ni za safari nzima, kutoka soketi ya jirani, kupitia waya, kupitia fraya, na kurudi. Waya unapata sehemu yake ndogo tu ya hizo volti, na hesabu ya joto la waya inataka volti za waya peke yake.

Twende polepole. Fraya ya wati 3000 kwa volti 240 ina ukinzani wa 240 mara 240 gawanya kwa 3000, ambao ni omu 19.2. Waya wako, nikiuangalia kwa namba uliyonipa, ni wa milimita mraba 0.75. Mita moja ya shaba ya unene huo ina ukinzani wa omu 0.023 hivi. Ekstensheni ni ya mita 20, lakini stima inakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 40 za shaba: omu 0.92. Fundi wako alisema kweli. Jumlisha na fraya, unapata omu 20.12. Sasa gawanya 240 kwa 20.12: mkondo ni ampea 11.93. Huo mkondo ni mmoja kote, kwenye waya na kwenye fraya.

Volti za waya, basi, ni 11.93 mara 0.92, yaani 11 tu. Zidisha 11 kwa 11.93: wati 131. Zilizobaki, volti 229, ndizo zilizofika kwenye fraya, nayo ikatoa wati 2730 hivi badala ya 3000. Ndiyo sababu umeona chipsi zinachelewa kidogo kuiva kuliko ulivyozoea ukichomeka moja kwa moja ukutani.

Wati 131 zaweza kuonekana ni kitu kidogo mbele ya 62,000. Waya ukiwa umenyooshwa wote chini, kila mita ina wati sita na nusu za kutoa hewani. Unapata joto, lakini si la kuuyeyusha papo hapo. Ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu, wati zote 131 zimekaa ndani ya kitu chenye ukubwa wa mkate, tabaka la kati likiwa limefunikwa na la juu, na joto halina pa kutokea. Plastiki ya waya wa kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilifungua gurudumu kama hilo baada ya harusi moja Umoja. Mizunguko ya nje ilikuwa mizima, ina rangi yake ya chungwa. Ya ndani ilikuwa imeshikana pamoja kama sukari guru, nikaikata kwa msumeno, na pale katikati shaba mbili zilikuwa zimebakiza nafasi ya ukucha zigusane.

Kuhusu fyuzi: ampea 11.93 hazifiki 13, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kukatika. Waya wa 0.75 umekusudiwa kubeba ampea 6. Hapa ndipo joto linapowahadaa watu, kwa sababu halipandi sambamba na mkondo. Kwa ampea 6 waya wako ungetoa wati 33. Kwa ampea 12, ambazo ni mara mbili tu, unatoa wati 132, mara nne. James Joule, mwana wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza, alilipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1840 kwa waya uliotumbukizwa majini na kipimajoto: joto linafuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani. Nikiajiri kijana hapa karakanani, hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ninayomtaka aifanye mbele yangu.

Cha kufanya sasa. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, akufungie soketi yako mwenyewe kibandani kwa waya wa 2.5. Kama ni lazima ekstensheni kwa muda, iwe ya 2.5 na uikunjue yote, kila mara. Waya huo kwa mita zilezile 20 utatoa wati 42 tu. Na kabla ya kulipa, omba muuzaji akukatie ncha, uikwaruze shaba kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa. Ukinzani wake unazidi wa shaba halisi kwa zaidi ya nusu, na unene ulioandikwa juu hautakusaidia. Usiuchukue, hata akupunguzie bei vipi.

*Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwalimu alitwambia taa ya wati 60 tuitafutie ukinzani. Nilichukua ya nyuzi, ile ya zamani, nikaipima kwa multimita ya kaka yangu, ikasoma omu 70. Halafu 240 mara 240 gawanya kwa 70 ni wati 823. Taa imeandikwa 60. Multimita imeharibika, au walioandika ni waongo?*
Mwanafunzi, Buruburu

Marahaba, mwanangu. Multimita ni nzima na walioandika wamesema kweli. Umepima taa ikiwa imelala, ukaifanyia hesabu kana kwamba iko macho.

Multimita inapopima ukinzani hutumia betri yake ndogo kusukuma mkondo mdogo mno, ambao hauwezi kupasha ule uzi hata kidogo. Kwa hiyo zile omu 70 ni za uzi baridi. Taa ikiwaka, uzi ule wa tangsteni unafika nyuzi 2,500 hivi, na metali ikipata joto ukinzani wake unapanda. Kutoka kwenye wati na volti: 60 gawanya kwa 240 ni ampea 0.25; na 240 gawanya kwa 0.25 ni omu 960. Uzi uleule mmoja! Karibu mara kumi na nne ya ulichosoma. Na zile wati 823 ulizopata si uongo, zipo, ila zinadumu kufumba na kufumbua unapobonyeza swichi, kabla uzi haujapata moto. Je, hujaona taa za namna hiyo zinavyopenda kuungua wakati wa kuwashwa, mara chache sana zikiwa zimeshawaka? Sababu ni hiyo.

Georg Ohm, ambaye jina lake ndilo tunalolitamka kila tukisema omu, alihangaika na jambo la ukoo huu. Alikuwa mwalimu wa shule Cologne, Ujerumani. Betri za zama zake zilikuwa zinapanda na kushuka akiwa katikati ya kupima, majibu yakawa hayalingani. Mwishowe akaziacha, akatumia metali mbili zilizounganishwa, ncha moja ndani ya maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu, apate msukumo usioyumba. Kitabu chake kikatoka mwaka 1827. Kanuni yake inasimama imara kwa metali ambayo joto lake halibadiliki. Taa yako inabadilika kwa maelfu ya nyuzi. Ukichora grafu ya volti na ampea za taa, mstari utapinda, na mwalimu akikuuliza kwa nini, jibu unalo.

Ukitaka kuliona kwa macho bila hatari, nenda Kirinyaga Road ununue taa ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21. Ipime baridi: haitafika omu moja. Kisha iwashe kwa betri ya volti 12, multimita ikiwa njiani kwenye tundu la ampea 10, mkondo upite ndani yake. Utasoma kama ampea 1.75, na 12 gawanya kwa 1.75 ni karibu omu 7.

Mwanangu, hapa nakusihi kama mzazi. Multimita ikiwa kwenye ampea, usithubutu kuchomeka ncha zake ndani ya soketi ya ukutani ili "uone ampea ziko ngapi." Upande wa ampea una ukinzani mdogo sana, karibu na sufuri, na soketi itausukumia mkondo wote ilio nao. Multimita hulipuka mkononi. Nimewahi kumfunga bendeji kijana aliyefanya hivyo, vidole vitatu vimebabuka na nyusi zimeungua, naye alikuwa na cheti. Ampea hazikai ndani ya soketi zikisubiri kupimwa. Zinakuwepo pale tu ambapo kuna kitu kinazivuta.

*Mama Fundi, hujambo? Birika langu ni la wati 2000. Asubuhi lita moja na nusu inachemka kwa dakika nne. Jioni ni zaidi ya sita. Kile kifaa cha kulinda friji kinaonyesha volti 190 saa mbili usiku, na asubuhi 240. Jirani anasema birika limezeeka, na kwamba jioni linakula tokeni zaidi. Ninunue jipya?*
Mpangaji, Githurai

Sijambo, ndugu yangu. Weka pesa yako mfukoni. Birika halijazeeka tangu asubuhi hadi jioni.

Kitu ambacho ni cha birika lenyewe ni ukinzani wake: 240 mara 240 gawanya kwa 2000, omu 28.8. Koili ya birika haipati moto kama uzi wa taa, kwa hiyo namba hiyo haibadiliki sana. Wati 2000 ni za volti 240 tu. Ukilipatia birika volti 190, mkondo ni 190 gawanya kwa 28.8, ampea 6.6, na nguvu ni 190 mara 6.6, wati 1,254. Volti zimepungua kwa moja ya tano, wati zimepungua kwa zaidi ya theluthi, kwa sababu volti ziliposhuka zilishuka na ampea pamoja nazo.

Linganisha na saa yako. Nairobi tuko juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Kuyatoa maji ya lita moja na nusu kutoka nyuzi 20 kunahitaji nishati ya jouli 466,000 hivi. Gawanya kwa 2000: sekunde 233, dakika nne kasoro kidogo. Gawanya kwa 1,254: sekunde 372, dakika sita na sekunde kumi na mbili. Umepima vizuri mno.

Kuhusu tokeni, jirani amekosea. Mita inahesabu wati mara muda. Asubuhi ni wati nyingi kwa dakika chache, jioni wati chache kwa dakika nyingi, na zote mbili zinafika kwenye uniti 0.13 hivi (uniti moja ni wati 1000 kwa saa nzima). Jioni kuna nyongeza ndogo ya joto linalotoroka ubavuni mwa birika kwa sababu ya kungoja, basi.

Sasa nataka ufanye kipimo kimoja, kwa sababu volti 190 zaweza kuwa na sababu mbili na moja kati yake inaweza kuchoma nyumba. Soma volti birika likiwa limezimwa. Liwashe, usome tena hapohapo. Kama zilikuwa 192 zikawa 190, tatizo liko nje, kwenye laini ya mtaa ambayo saa hizo kila nyumba inapikia na kuogea. Piga ripoti kwa kampuni ya umeme, na afadhali mwende majirani wengi. Lakini tuseme asubuhi unasoma 236, ukiwasha birika zinashuka hadi 228. Volti 8 zimepotea. Mkondo wa birika kwa 228 ni ampea 7.9. Gawanya 8 kwa 7.9: kuna omu moja nzima mahali fulani kati ya laini ya mtaa na birika lako. Waya wa soketi wa 2.5, mita kumi kwenda na kurudi, una omu 0.14 tu. Omu moja ni kubwa mno. Ni kiungo kilicholegea, na pale kilipo kuna wati 63 zinazokaa sehemu ndogo kama punje ya mahindi. Kile chuma cha kuyeyushia risasi ambacho mafundi wa redio wanakitumia Luthuli ni cha wati 30 au 40.

Chomoa plagi uitazame kwa karibu. Mguu mmoja ukiwa umebadilika rangi kuwa kama chai ya rangi, na plastiki kuuzunguka imechakaa na kupasuka nywele nywele, umekipata. Hata kabla ya kuona, pua hukwambia: plagi na soketi zikipata joto sana hutoa harufu kama ya samaki aliyekaa. Nyumba nyingi nilizoitwa, mama alikuwa ameshafagia jikoni mara mbili akitafuta samaki huyo. Badilisha soketi na plagi vyote viwili. Ukibadilisha kimoja, kibovu kitakiharibu kipya.

*Nina ploti Pipeline na pampu ya kupandisha maji. Kibati kinasema 0.55 kW, 240 V, 4.5 A, cos φ 0.75. Nikizidisha 240 kwa 4.5 napata 1080. Mita inanilipisha ipi?*
Mwenye ploti

Inakulipisha 810, mzee wangu. Stima yetu inageuka huku na huko mara 50 kwa sekunde, na kwenye mota ampea hufika kileleni zikiwa zimechelewa nyuma ya volti. Kwa hiyo huwezi kuzizidisha kana kwamba zimefika pamoja, ile 0.75 ndiyo inayorekebisha kuchelewa huko: 1080 mara 0.75 ni wati 810. Kati ya hizo, 550 zinafanya kazi kwenye ekseli na 260 zinaishia kuwa joto, mtikisiko na kelele. Waya na breka, hata hivyo, uzichague kwa ampea 4.5 kamili na nafasi ya kuanzia, maana mota ikianza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya huo. Birika na pasi hazina kuchelewa huku, ndiyo maana hapo juu nilizidisha bila wasiwasi.

*Chaja ya simu imeandikwa 100-240V 0.35A, halafu chini 5V 2A. Wati ni ngapi?* (Kawangware)

Kumi, 5 mara 2, upande wa simu. Zile 0.35 ni mkondo wa juu kabisa upande wa ukutani, pale volti zinapokuwa 100. Usizizidishe kwa 240 yetu.

Msomaji wa Githurai, nimekukumbuka tena. Kama huna cha kupimia ampea, iangalie mita yako ya tokeni: kuna taa ndogo nyekundu inayomweka, na karibu nayo imeandikwa inamweka mara ngapi kwa uniti moja, kwa mfano 1000. Zima vyote nyumbani, acha birika peke yake, uhesabu mimweko ya dakika moja. Kwa mita ya 1000, wati 2000 ni mimweko 33, wati 1,254 ni 21. Ihesabu asubuhi na jioni, andika na volti za saa hiyohiyo, uniletee namba zote nne.